Je, sumaku hushika dhahabu na fedha, na ikiwa haishiki, sababu ni nini?

#1 Binti wa Langoni (Lamu)

Asalamu alaikum wanajamvi.

Wanunuzi wa dhahabu kuukuu wanaopita mitaani mwetu siku hizi hutembea na sumaku ndogo mfukoni. Huomba pambo, huligusisha sumaku, na papo hapo hutoa hukumu: likivutwa ni bandia, lisipovutwa ni dhahabu. Mkufu wa mama yangu ulipimwa hivyo. Mnyororo wenyewe haukuvutwa, lakini mahali pa kufungia pakanasa, na mnunuzi akataka kuuchukua wote kwa bei ya shaba. Hatukumuuzia.

Nauliza mambo mawili, na naomba yajibiwe kwa hoja. Kwanza, ni kweli kwamba dhahabu, fedha na platinamu hazivutwi na sumaku? Pili, ikiwa ni kweli, zina nini ndani yake kinachozitofautisha na chuma? Kwamba Mungu ndiye aliyeziumba hivyo nalikubali kwa imani. Ninachotafuta ni namna alivyoziumba.

#2 Fundi Fedha (Mkomani, Lamu)

Wa alaikumu salamu, Binti. Mmefanya vyema kutouza.

Kifungio cha mkufu wa kisasa kina kamani ndogo ndani yake, inayokirudisha kiulimi mahali pake kila unapoachilia kidole. Kamani hiyo hutengenezwa kwa chuma cha pua kwa sababu dhahabu ni laini mno, ukiikunja hubaki imekunjika. Kwa hiyo mkufu wa karati 22 unaweza kunasa pale pa kufungia na bado ukawa halisi kuanzia pingili ya kwanza hadi ya mwisho. Anayetaka kuupima kwa sumaku na aupime kipande kwa kipande, mbali na kifungio. Vidani vya bibi zetu vilivyofungwa kwa ndoana iliyofuliwa kwa waya wa fedha ile ile havina shida hii.

Ila kosa kubwa zaidi la wanunuzi hao liko upande wa pili wa hukumu yao. Kitu kisichovutwa si lazima kiwe dhahabu. Shaba nyekundu haivutwi, shaba ya manjano haivutwi, wala risasi, wala zinki, wala alumini. Siwa ya shaba ya Lamu, ile pembe kubwa ya kupulizwa inayohifadhiwa katika makumbusho yetu, ina rangi ya manjano na sumaku haiwezi kuishika, lakini hakuna anayesema ni ya dhahabu. Sumaku ni askari anayemjua mwizi mmoja tu, yule aliyepaka dhahabu juu ya chuma. Aliyepaka juu ya shaba hupita mbele yake bila kuulizwa.

#3 Chuma Chakavu (Malindi)

Mimi hununua vyuma vikuukuu huku Malindi na sumaku haitoki mkononi mwangu. Kwa miaka yote hii nimeona jambo moja: kinachoshika kutu hushikwa na sumaku, na kisichoshika kutu hakishikwi. Chuma huoza kwa kutu na hunasa. Alumini, shaba, fedha na dhahabu hazipati kutu ile nyekundu, nazo hazinasi. Kwa maoni yangu sababu ni moja. Metali iliyo tayari kuungana na maji na hewa iko tayari pia kuvutwa, na dhahabu haikubali kuungana na chochote, ndiyo maana hata sumaku huiacha.

#4 Mwalimu wa Fizikia (Lamu)

Ndugu Chuma Chakavu, kanuni yako inakufaa kazini, lakini haiwezi kuwa sababu. Nikeli na kobalti hazishiki kutu kama chuma, nazo huvutwa kwa nguvu. Nikeli hata hupakwa juu ya chuma ili kukikinga. Kwa upande mwingine, shaba hufanya ukoga wa kijani kwa hewa yetu ya chumvi na fedha hugeuka nyeusi, wala hazivutwi.

Katika joto la kawaida, metali safi zinazonaswa kwa nguvu ni tatu: chuma, nikeli na kobalti. Ya nne, gadoliniamu, hupoteza nguvu hiyo ikipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi, joto ambalo hapa Lamu huwa tumekwisha kulipita. Chuma nacho hupoteza nguvu yake kikifika nyuzi 770. Jambo hili la joto kuvunja usumaku lilichunguzwa kwa makini na Pierre Curie, aliyetoa matokeo yake mwaka 1895, na ndiyo sababu kiwango hicho cha joto huitwa kwa jina lake.

Sasa naja kwenye swali lako la pili, Binti. Kila elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomi, ni sumaku ndogo sana. Elektroni mbili zinapokaa pamoja katika nafasi moja ndani ya atomi, moja huelekea juu na nyingine chini, na nguvu zao hufutana. Atomi ya chuma ina elektroni nne zisizo na wenzi katika tabaka lake la pembeni, na hizo ndizo zinazoitikia mwito wa sumaku. Dhahabu ina elektroni 79, na matabaka yake ya ndani yote yamejaa jozi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba metali yenye jozi pekee haikai kimya mbele ya sumaku. Husukumwa. Michael Faraday aliliona jambo hili mwaka 1845 alipoweka kioo kizito na bismathi kati ya ncha za sumaku kubwa, akaviona vikikimbia nguvu yake, na akaiita tabia hiyo diamagneti. Dhahabu, fedha na shaba zote ziko katika kundi hili. Dhahabu hupunguza uga wa sumaku (yaani nguvu yake inavyoenea) ndani yake kwa sehemu kama 34 katika kila milioni, fedha kwa kama 24, shaba kwa kama 10. Mkono wa mtu hauwezi kuhisi kitu kidogo namna hiyo, lakini mizani nyeti hukionyesha.

Platinamu na paladiamu haziko pamoja nazo. Hizo huvutwa, ila kwa udhaifu mkubwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza haliwezi kuwa moja kwa metali zote za thamani.

#5 Binti wa Langoni (Lamu)

Shukrani, Mwalimu na Fundi. Sikujua kwamba dhahabu husukumwa. Naomba tu kuelewa: ikiwa sumaku haiwezi kumpata aliyepaka dhahabu juu ya shaba, mtu wa kawaida afanye nini nyumbani bila tindikali wala mashine?

#6 Fundi Fedha (Mkomani, Lamu)

Binti, tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, uzi mwembamba na bilauri ya maji. Pima pambo likiwa kavu. Kisha liweke likining'inia ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, upime tena. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Bangili ya gramu 22.20 ikipungua gramu 1.25 ndani ya maji, jibu ni 17.76, na hiyo ni dhahabu ya karati 22. Dhahabu tupu hutoa 19.3, fedha tupu 10.5, shaba nyekundu karibu 9, risasi 11.3. Shaba iliyopakwa haiwezi kufika kumi na saba hata ikipakwa mara nyingi.

Angalia mambo mawili: pambo lisiwe na uwazi ndani, maana hewa itakudanganya, wala lisiwe na kito cha jiwe. Pete zetu za Lamu zenye kigae cha sahani ya Kichina kilichozungushiwa fedha hazipimiki hivi. Na kuna metali moja ambayo maji hayaifichui, nayo ni tangsteni, kwa kuwa uzito wake kwa ujazo ni 19.25, karibu sawa na dhahabu. Sumaku nayo haitakusaidia hapo, kwa sababu tangsteni huvutwa kwa udhaifu usioonekana.

#7 Nahodha wa Shela (Lamu)

Mimi si mtu wa vito, ni mtu wa bahari, lakini hili la shaba na sumaku tunalijua kwa dira. Kisu cha chuma kikiwekwa karibu na dira, sindano huhama, na chombo huenda kusikotakiwa. Bakuli la dira na vifaa vinavyoizunguka hutengenezwa kwa shaba ya manjano kwa sababu hiyo. Kadhalika mtu akivaa pete za fedha vidole vyote kumi akaishika dira, sindano haitajali. Mkufu wa dhahabu pia.

Wazee wetu walisema pia kwamba mitepe ya visiwa hivi ilishonwa kwa kamba, bila misumari ya chuma, kwa kuwa baharini kuna majabali ya sumaku yanayong'oa misumari na kukizamisha chombo. Misumari hiyo ingekuwa ya fedha, majabali yasingeiweza.

#8 Mpenda Magofu (Pate)

Nahodha, kisa cha majabali ni kizuri na ni cha kale mno, lakini kimekwisha kupingwa tangu karne ya 6. Procopius, mwandishi wa historia wa zama za Wabizanti, alikitaja na kukikataa, akasema kwamba meli za Kirumi katika Bahari ya Shamu zilikuwa na chuma kingi na hazikupatwa na lolote. Yeye aliona sababu ni uhaba wa chuma kwa waundaji wa vyombo vile. Nami naongeza kwamba chombo kilichoshonwa hunepa kinapogonga mwamba au kupandishwa pwani, na kamba za makumbi zilipatikana kila mahali. Usione vyaelea, Nahodha.

Kuhusu fedha, Pate ina ushahidi wake. Katika uchimbaji uliofanywa Shanga na mwanaakiolojia Mark Horton zilipatikana sarafu ndogo za fedha zilizopigwa papo hapo, na za mwanzo kabisa ni za karne ya 8. Hiyo ina maana kwamba watu wa visiwa hivi walikuwa wakitofautisha fedha na visivyo fedha zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mnunuzi yeyote kuja na sumaku mfukoni.

#9 Mkusanya Sarafu (Malindi)

Naomba niongezee sarafu, kwa kuwa zinatoa fumbo ambalo maelezo ya Mwalimu katika chapisho namba 4 hayajalifumbua.

Reale yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika mwambao wetu, ina gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika elfu. Kilichobaki karibu chote ni shaba. Zote zimeandikwa mwaka 1780 hata zile zilizopigwa baadaye sana. Sumaku haizishiki, na hapo hakuna ajabu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, nayo haishikwi.

Ajabu iko katika shilingi ya Kenya iliyotoka mwaka 1966. Ile ni shaba robo tatu na nikeli robo. Mwalimu amesema nikeli hunaswa kwa nguvu. Mbona basi shilingi ile, yenye robo nzima ya nikeli, haiitikii sumaku kabisa? Ikiwa elektroni zisizo na wenzi zimo ndani ya kila atomi ya nikeli, zimekwenda wapi?

#10 Chuma Chakavu (Malindi)

Naunga mkono swali hili, kwa sababu nami hukutana nalo. Kuna masufuria na masinki ya chuma cha pua ambacho zaidi ya nusu yake ni chuma, tena kina nikeli, lakini sumaku huteleza juu yake. Kingine cha jina hilo hilo hunasa. Niliwahi kuambiwa na fundi wa kuchomelea kwamba tofauti ni mpangilio wa fuwele, yaani namna atomi zilivyopangwa. Dhahabu, fedha, shaba, platinamu na chuma cha pua kisichonasa zote zina mpangilio mmoja, wa mchemraba wenye atomi kwenye pembe na katikati ya kila uso. Huenda hapo ndipo penye siri.

#11 Fundi Fedha (Mkomani, Lamu)

Kijana wa Malindi, umehama kutoka kutu hadi fuwele kabla chai haijapoa. Kesho tunangoja utuambie ni rangi.

#12 Mwalimu wa Fizikia (Lamu)

Fundi, mwache aendelee, maana hoja yake ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Ni kweli kwamba mpangilio wa atomi hubadilisha usumaku wa chuma. Lakini hautoshi, kwa sababu nikeli yenyewe ina mpangilio ule ule wa dhahabu na fedha, nayo hunaswa.

Kuhusu shilingi ya 1966, maelezo ninayoyajua mimi ni haya. Ndani ya nikeli kuna nafasi chache tupu katika tabaka linalobeba usumaku. Shaba ina elektroni moja zaidi ya nikeli. Zikiyeyushwa pamoja, elektroni za shaba hujaza nafasi zile, na zikijaa, hakuna tena elektroni isiyo na mwenzi.

#13 Mhandisi wa Umeme (Malindi)

Nimewasoma wote tangu mwanzo. Mwalimu, kwa heshima zote, hesabu ya jozi katika atomi haiwezi kubeba mzigo unaoitwisha.

Fedha ina elektroni 47. Nambari hiyo ni witiri. Dhahabu ina 79, nayo ni witiri. Haiwezekani zote ziwe na wenzi. Lazima moja ibaki peke yake. Wala hili si jambo la makaratasini tu. Mwaka 1922, huko Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach waliyeyusha fedha hadi ikatoa mvuke, wakapitisha mkondo mwembamba wa atomi zake moja moja kati ya ncha za sumaku isiyo na nguvu sawa kila mahali. Mkondo uligawanyika sehemu mbili, nusu ikavutwa huku na nusu kule. Kwa hiyo atomi moja ya fedha ni sumaku kamili. Kipande cha fedha, ambacho ni mkusanyiko wa atomi hizo hizo, husukumwa na sumaku. Anayetaka kueleza tabia ya kipande kwa kuitazama atomi peke yake atakwama hapo.

#14 Mwalimu wa Fizikia (Lamu)

Mhandisi, jaribio ulilolitaja nalifundisha, na halipingani na nililosema ikiwa tutalikamilisha. Nilisema matabaka ya ndani yamejaa, sikusema la nje limejaa.

Ile elektroni ya 47 haikai na atomi yake pindi atomi zinapokusanyika kuwa kipande. Huiacha na kuingia katika umma wa elektroni zinazotembea kipande kizima, zile zile zinazobeba umeme. Katika umma huo kila ngazi ya nishati hukaliwa na mbili, moja ya juu na moja ya chini, kuanzia ngazi ya mwisho chini hadi zote zipate mahali. Sumaku ikija, inaweza kuzigeuza tu zile chache zilizo ngazi za juu kabisa, kwa kuwa za chini hazina pa kugeukia. Mvuto wa hizo chache upo, lakini ni mdogo, na msukumo wa elektroni za ndani huushinda. Kinachobaki ni zile sehemu 24 katika milioni.

#15 Mhandisi wa Umeme (Malindi)

Hapo tumekaribiana. Lakini sasa chukua paladiamu uielezee kwa jozi. Ina elektroni 46, na atomi yake ikiwa peke yake haina hata moja isiyo na mwenzi. Kwa kanuni yako ingepaswa kusukumwa kuliko fedha. Badala yake, kipande cha paladiamu huvutwa, tena karibu mara tatu ya platinamu kwa ujazo ule ule.

Tuna jozi mbili za mambo yanayokwenda kinyume. Fedha: atomi ni sumaku, kipande si sumaku. Paladiamu: atomi si sumaku, kipande huvutwa. Mimi nashikilia kwamba kinachoamua ni msongamano wa nafasi pale juu kabisa ya umma wa elektroni. Katika fedha na dhahabu, kundi la ngazi za nishati lenye nafasi nyingi limejaa na limezama chini. Juu nafasi ni chache, na kugeuza elektroni ni gharama. Katika paladiamu na platinamu, kundi hilo limefika juu, nafasi ni nyingi, na kugeuka ni rahisi. Katika chuma, kobalti na nikeli msongamano pamoja na kukataana kwa elektroni huvuka mpaka, kiasi kwamba elektroni hugeukia upande mmoja zenyewe bila kungoja sumaku. Mwanafizikia Edmund Stoner alikwisha kuandika sharti la kuvuka mpaka huo kufikia mwaka 1938. Paladiamu imesimama karibu kabisa na mpaka. Ukiitia chuma kidogo sana, kila atomi ya chuma huwageuza majirani zake wa paladiamu.

#16 Fundi Fedha (Mkomani, Lamu)

Hayo ya mpaka yananikumbusha jambo la karakana linalofaa watu walijue. Ipo platinamu ya pete yenye alama 950 ambayo sehemu 50 zilizobaki ni kobalti, kwa kuwa hufinyangika vizuri inapomiminwa katika kalibu. Pete hiyo huvutwa na sumaku yenye nguvu, ingawa kwa unyonge. Ni platinamu halisi. Mnunuzi mwenye sumaku ataitupa. Kuna pia platinamu ya kuchimbwa, hasa ya milima ya Ural nchini Urusi, yenye chuma ndani yake kwa asili, na vipande vyake hunasa.

Dhahabu nyeupe nayo huwatia watu hofu kwa sababu mara nyingine huchanganywa na nikeli. Kwa kawaida hainasi, kwa sababu ile ile ya shilingi ya 1966: nikeli iliyoyeyuka ndani ya metali nyingine si nikeli iliyo peke yake.

#17 Kijana wa Mambrui (Malindi)

Habari zenu. Swali langu liko karibu na lenu. Mchanga wa pwani yetu hapa Mambrui humetameta kama dhahabu, na wageni huuchukua kwenye chupa. Nilipopitisha sumaku ndani yake, iliokota chembe nyeusi kwa wingi na kuziacha zile zinazong'aa. Kwa mnayosema, je, zinazobaki zinaweza kuwa dhahabu?

#18 Mpenda Magofu (Pate)

Kijana, zinazong'aa ni ulanga, jiwe linalomenyeka kwa vigamba vyembamba. Tofauti ni rahisi kuijua: ulanga huelea na kupeperushwa na maji, dhahabu huzama na kubaki chini ya karai. Ukikiponda kigamba kitavunjika, na dhahabu ukiigonga hutandazika.

Nyeusi zinazorukia sumaku ni jiwe la chuma liitwalo magnetaiti, ndilo jiwe la sumaku lenyewe. Pamoja nayo huwa kuna ilmenaiti, yenye chuma na titani, ambayo huvutwa kwa udhaifu na huhitaji sumaku kali zaidi. Mgodi wa Kwale, ulioanza kuzalisha madini mwaka 2013, uliitenganisha ilmenaiti na madini mengine ya mchanga huo, rutili na zirkoni, kwa kutumia sumaku kali.

#19 Binti wa Langoni (Lamu)

Nina swali dogo la kuongeza. Dhahabu haivutwi, lakini mlango wa ukaguzi katika uwanja wa ndege hulia mtu akipita na bangili zake. Huo unatambuaje?

#20 Mhandisi wa Umeme (Malindi)

Mlango huo hautafuti mvuto, Binti. Hutoa uga wa sumaku unaobadilika upesi, na uga unaobadilika huzusha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya kila kipitishi. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, na mashine huusikia. Kwa hiyo kadiri metali inavyopitisha umeme vizuri ndivyo inavyosikika, na fedha ndiyo inayopitisha kuliko metali zote, ikifuatwa na shaba, kisha dhahabu.

#21 Mkusanya Sarafu (Malindi)

Jambo hilo la mikondo ndilo tunalolitumia sisi. Inamisha kipande kipana cha fedha, kisha achilia juu yake kijisumaku kikali cha neodimiamu. Hakitanasa, lakini kitateremka polepole kana kwamba kimepakwa asali, kwa kuwa mwendo wake huzusha mikondo inayoupinga. Juu ya risasi huteleza haraka, kwani risasi ni kipitishi hafifu. Tahadhari ni kwamba shaba nyekundu tupu hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo baada ya sumaku lazima mtu arudi kwenye mizani na maji ya Fundi katika chapisho namba 6.

#22 Mwanafunzi wa Kemia (Faza)

Nawasalimu wakubwa zangu. Naona Mwalimu ameshika jozi, Mhandisi ameshika msongamano, lakini hakuna aliyetazama jedwali la elementi. Chuma, kobalti na nikeli zimekaa zikifuatana katika mstari mmoja. Chini ya chuma kuna rutheniamu na osmiamu. Chini ya kobalti kuna rodiamu na iridiamu. Chini ya nikeli kuna paladiamu na platinamu. Yaani metali tatu za sumaku zimekaa moja kwa moja juu ya metali zote sita za jamii ya platinamu. Idadi ya elektroni za pembeni ni ile ile, lakini za juu hunaswa na za chini hazinaswi.

Kwa hiyo sababu ni upana wa makazi ya elektroni. Katika mstari wa juu, elektroni za tabaka lile hukaa karibu na kiini chao, hubanana, na hupata faida kubwa zikielekea upande mmoja. Katika mistari ya chini hutanda na kuingiliana na za jirani, na faida hiyo hupungua.

#23 Mwalimu wa Fizikia (Lamu)

Umeona vizuri, mwanangu, na hiyo ni hoja nitakayoipeleka darasani. Lakini shaba iko mstari ule ule wa juu, jirani ya nikeli, na elektroni zake zimebanana vile vile. Mbona haivutwi? Kwa sababu tabaka lake limejaa. Tunarudi kwenye jozi.

#24 Mhandisi wa Umeme (Malindi)

Tunarudi kwenye msongamano, Mwalimu. Tabaka lililojaa na kuzama chini maana yake ni nafasi chache juu, na kutanda kwa makazi anakokusema Mwanafunzi maana yake ni nafasi zilezile kusambazwa katika ngazi nyingi zaidi. Hoja zenu zote mbili zinaingia ndani ya yangu.

#25 Mwanafunzi wa Kemia (Faza)

Mhandisi, iingize basi na kromiamu. Iko mstari wa juu, atomi yake ina elektroni sita zisizo na wenzi, nyingi kuliko za chuma, na tabaka lake liko wazi. Hata hivyo kipande chake hakinaswi, kwa kuwa atomi jirani huelekeana kinyume na kufutana. Msongamano unaweza kusema elektroni zitageuka, lakini haujasema zitageukia upande gani, na mimi sijaona katika uzi huu anayeeleza kwa nini chuma huchagua upande mmoja na kromiamu pande mbili.